Sauti ya marehemu kwenye mdomo wa kasuku: amerudi, au anaitwa?

Kuna dada mmoja, ananizidi umri na tumeishi kama ndugu wa damu, mama yake alifariki akamwachia vile vitu vya kawaida vinavyobaki mtu mzima akiondoka, nguo, miwani, albamu za picha, na kasuku mmoja wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Huyo kasuku alikuwa ameishi na mama miaka kumi na nne. Wiki ya tatu baada ya msiba, wageni wote wameshaondoka nyumba imekuwa kimya kabisa, alfajiri dada yuko chumbani akasikia simu inaita sebuleni, na si simu ya mkononi, ni ule mlio wa simu ya mezani ya zamani ambayo ilishaondolewa muda mrefu tu. Ikaita mara tatu halafu ikapokelewa. Sauti ya mama, ileile, ikasema: "Haloo? Nani mwenzangu?" Kimya kidogo. "Eeh. Eeh. Haya, nimekusikia." Halafu kikohozi, kile cha mama, mbili za haraka na moja ya kusafisha koo.

Dada anasema alikaa chini pale pale kwenye korido kwa sababu miguu haikumbeba. Kulipokucha akanipigia. Hakunisalimia hata. "Mdogo wangu, mama amerudi," akasema, "yupo ndani ya ndege."

Tangu siku hiyo hii mada haijanitoka kichwani, nimesoma nimeuliza nimesikiliza watu, maana hayuko peke yake. Kila baada ya muda inazunguka klipu ya kasuku anaongea kwa sauti ya babu aliyekufa, familia nzima inalia, na maelezo yake yanasema roho imezaliwa upya. Halafu wapo wa upande wa pili, hao ni wepesi wa kusema ndege ni kama rekoda tu, anarudia sauti hajui chochote, acheni ushirikina. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na hii ya pili ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu inamfunga mdomo mtu aliyefiwa bila kumjibu alichouliza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: yule kasuku si mama. Ila anachokifanya kasuku kina maana, na ukishaielewa ile maana utaona ni nzito kuliko hata hiyo ya kuzaliwa upya.

Tuanze na hesabu ndogo ambayo watu wengi wanairuka. Kuzaliwa upya maana yake ni nini? Mtu anakufa, halafu roho yake inaingia kwenye mwili mpya unaozaliwa. Kwanza kufa, baadaye kuzaliwa, huo ndio mpangilio. Sasa kasuku wa dada alitotolewa miaka kumi na nne na zaidi kabla mama hajafa, alikuwa anakula, analala, anapiga mluzi, ana maisha yake kamili wakati mama bado anatembea ndani ya nyumba ileile. Amezaliwa upya vipi mtu ambaye bado yupo hai amekaa kwenye kochi? Haiwezekani hata kwa sheria za hao wenyewe wanaoamini. Na ukichunguza karibu kila stori ya namna hii utakuta ni hivyohivyo, ndege anayetoa sauti ya marehemu ni ndege aliyeishi na marehemu. Sijawahi kukutana na stori ya kasuku aliyetotolewa baada ya msiba, mbali, kwenye nyumba ya watu wasiojuana na marehemu, halafu akaanza kuongea kwa sauti yake na kutaja mambo ya ndani ya familia. Hiyo ndiyo ingekuwa ya kutufanya tukae chini tufikiri upya.

Kwa hiyo wanachokisema watu kwa kweli si kuzaliwa upya, ni roho kuingia kwenye kiumbe ambacho tayari kipo, yaani kama vile mtu anavyosemwa kapandwa na pepo. Ni imani nyingine kabisa na ina historia yake na masharti yake. Kuchanganya hizi mbili si kosa dogo la maneno, maana ukimwambia mtu mama yako amezaliwa upya unamwambia mama ameanza maisha mapya, ila ukimwambia mama yako kaingia ndani ya ndege unamwambia mama kanasa mahali. Ya kwanza inaweza kumpa mtu faraja. Ya pili inamnyima usingizi, na ndicho kilichomkuta dada.

Wale wanaoamini kuzaliwa upya kwa dhati wana ukali wa ajabu kwenye suala la ushahidi, ukali ambao sisi hatuna tunapotumiana klipu. Angalia Watibeti. Dalai Lama wa 13, kiongozi wao mkuu wa dini, alifariki Desemba 1933. Yule wa 14 akazaliwa Julai 1935, baada ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo hesabu ya kwanza inakubali. Wajumbe walipomfikia yule mtoto, alikuwa bado mdogo wa miaka kama miwili, walimwekea vitu vya marehemu vimechanganywa na vingine vinavyofanana navyo, achague mwenyewe. Inasimuliwa alichagua vya marehemu akisema ni vyake. Unaweza kuamini au usiamini, mimi siamini, lakini ona kwamba kulikuwa na mtihani, na mtihani ulikuwa na nafasi ya kufeli.

Au chukua yule daktari wa magonjwa ya akili, Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani, aliyetumia zaidi ya miaka 40 kukusanya habari za watoto wanaodai kukumbuka maisha ya nyuma mpaka faili zikapita 2,500, na akafariki 2007. Alichokuwa anakitafuta ni mtoto anayetaja majina, sehemu na matukio ya mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, na ambaye familia yake haikumjua huyo mtu. Wakosoaji wake walimbana palepale: mara nyingi familia mbili zilikuwa zimeshakutana na kuongea kabla hajafika kuandika, na kesi nyingi zilitoka kwenye jamii ambazo tayari zinaamini. Ni ukosoaji wa haki kabisa. Sasa kama mtoto wa binadamu anayeongea mwenyewe, anayejibu maswali, ushahidi wake unabanwa hivyo, inakuwaje kasuku aliyekaa miaka kumi na nne akimsikia mtu kila siku tumpitishe bila swali hata moja?

Na tusidhani imani hii ni kitu kimoja dunia nzima. Wadruze, watu wa dini moja ndogo ya Lebanoni na Syria, wanaamini roho inahama papo hapo mtu akifa kwenda kwa mtoto anayezaliwa, ila ni kwa binadamu tu, mnyama au ndege hayumo. Wayoruba wa Nigeria wanampa mtoto jina Babatunde, yaani baba amerudi, au Yetunde, mama amerudi, na hapo wanazungumzia mzee kurudi ndani ya ukoo wake kupitia mtoto. Uhindu, Ubudha na Ujaini, dini za India, ndizo zinakubali mtu kuzaliwa tena hata kama mnyama au ndege, lakini hata huko kuzaliwa ndege kunategemea matendo ya mtu, na kwa kawaida aliyezaliwa hakumbuki alikotoka. Wagiriki wa kale nao, mwanafalsafa Plato anasimulia habari za askari Er aliyeona roho zikichagua maisha mapya, Orpheus yule mwimbaji wa hadithi zao akachagua kuwa bata maji, lakini kabla ya kuzaliwa roho zote zinakunywa maji ya kusahau. Kusahau kumejaa kwenye mapokeo haya. Sisi tunageuza, tunasema kuongea kama zamani ndiyo dalili ya kuzaliwa upya, wakati kwa wengi walioishi na imani hii karne na karne anayezaliwa upya anakuja amenyamaza kuhusu jana yake.

Ipo stori moja tu ninayoijua ambayo kweli imeunganisha hivi vitu viwili, kasuku anayeongea na kuzaliwa upya, na imepangwa kwa akili sana. Mwandishi wa Kisanskriti anaitwa Bana, wa karne ya 7, aliyekuwa kwenye baraza la mfalme Harsha huko India kaskazini, alitunga kisa kirefu kiitwacho Kadambari ambacho alifariki hajakimaliza mwanawe akakimalizia. Kisa kinaanza kwa msichana kumletea mfalme kasuku kwenye tundu, kasuku anamsalimia mfalme kwa ufasaha halafu anaanza kusimulia maisha yake, na mwishoni inakuja kujulikana kwamba kasuku alikuwa kijana, na kabla ya hapo alikuwa kijana mwingine tena aliyekufa kwa mapenzi, na mfalme mwenyewe anayesikiliza naye ni mtu aliyerudi. Sasa ona kitu kimoja. Kasuku wa Bana hakujua alikuwa nani mpaka mzee mwenye hekima alipomsimulia maisha yake yaliyopita. Alitotolewa kwenye mti, baba yake akauawa na mwindaji, akaokotwa. Sauti yake ni yake ya kasuku, haimwigi mtu aliyekuwa. Bana alikuwa anatunga tu na bado alifuata utaratibu, kufa kwanza, kutotolewa baadaye, na kusahau katikati.

Kwa msomaji wa Kiislamu au Mkristo najua hapa anasema haya yote ya nini, kwetu jambo limeshafungwa. Ni kweli limefungwa. Kurani inataja kizuizi, barzakh, nyuma ya waliokufa mpaka siku ya kufufuliwa, na Waraka kwa Waebrania unasema mtu amewekewa kufa mara moja kisha hukumu. Wanaonukuu zile hadithi za Mtume kuhusu roho za mashahidi, waliouawa kwa ajili ya dini, kuwa ndani ya ndege wa kijani wakumbuke kwamba zinazungumzia Peponi, si tundu la sebuleni. Na Nabii Sulaiman alifundishwa lugha ya ndege, hudihudi akamletea habari za nchi ya Saba, lakini hudihudi pale alikuwa hudihudi, ndege mwenye akili yake na taarifa yake, hakuna aliyesema ni mtu fulani kajificha ndani yake. Hiyo nukta naipenda sana na nitairudia kidogo.

Ila pamoja na mafundisho yote hayo, dada ni mtu wa ibada na bado alikaa chini kwenye korido. Kwa nini? Kwa sababu ya sauti. Sauti ina nguvu ambayo picha haina. Kuna kisa cha zamani kilichoandikwa na mshairi wa Kigiriki Xenophanes kuhusu mwanafalsafa Pythagoras aliyefundisha kwamba roho huhama, kwamba alimkuta mtu anampiga mtoto wa mbwa akamwambia acha, hiyo ni roho ya rafiki yangu, nimeitambua nilipomsikia akilia. Xenophanes alikiandika kwa kumcheka, lakini mimi nikikisoma simcheki, namwona mtu ambaye amesikia kitu masikioni na mwili wake umejibu kabla akili haijafika. Mtu akishafiwa sikio lake linabaki wazi kumsubiri yule aliyeondoka, kitasa kikilia anageuka.

Haya, tuje kwenye ndege mwenyewe maana huku ndiko kwenye utajiri.

Ndege hana nyuzi za sauti kooni kama sisi. Ana kiungo kinachoitwa sirinksi, kipo chini kabisa kwenye bomba la pumzi, pale linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Kasuku anaitumia hiyo pamoja na ulimi wake mnene kuibana na kuipinda sauti, ndiyo maana anaweza kutoa "a" na "e" zikasikika kabisa kama za mtu. Lakini kiungo peke yake hakitoshi, ndege wote waimbao wana sirinksi na wengi hawasemi neno. La ajabu liko kwenye ubongo. Wanyama wanaoweza kujifunza sauti mpya kwa kusikia ni wachache mno, kwa ndege ni kasuku, ndege waimbao na wale wadogo sana wa Amerika wanaonyonya maua, na kwa wanyonyeshao ni sisi, pomboo na nyangumi, popo, sili wa baharini na tembo. Nyani hawamo, au wamo kidogo sana. Mwaka 2015 timu ya mwanasayansi Erich Jarvis ilionyesha kwamba kwenye ubongo wa kasuku zile sehemu za kujifunza sauti zina kiini na tena ganda la ziada limeizunguka, ganda ambalo wale ndege wengine hawana. Yaani kasuku amepewa kifaa cha juu ya kifaa.

Swali sasa, kifaa hicho alipewa ili aseme haloo kwenye simu? Porini hakuna simu. Kasuku porini anaishi kwa kundi, na msituni majani yamefunika kila kitu huwezi kumwona mwenzako, kwa hiyo muda wote wanaitana. Upo? Nipo. Upo? Nipo. Kule Venezuela kuna kasuku wadogo wa kijani waliochunguzwa na Karl Berg na wenzake, matokeo yakatoka 2011: kila kifaranga ana mwito wake mwenyewe kama jina, na wanampa wazazi. Walibadilisha mayai kati ya viota, vifaranga vikakua na miito inayofanana na ya walezi, si ya waliotaga, kwa hiyo ni jina la kufundishwa, halirithiwi kwa damu. Na Costa Rica kuna kasuku wengine, wenye paji la rangi ya chungwa, ambao akitaka kumwita mmoja kati ya kundi anauiga mwito wa huyohuyo mmoja. Watafiti walipopiga sauti za kuiga, yule aliyeigwa ndiye aliyejibu zaidi na haraka zaidi.

Naomba tukae hapa kidogo. Kwao kuiga sauti ya mtu ni kumwita huyo mtu. Ukitaka kunisemesha mimi, unatoa sauti yangu.

Sasa mchukue kasuku mmoja, mtoe kwenye kundi, mweke sebuleni na mama mmoja kwa miaka kumi na nne. Kundi lake ni nani? Ni mama. Mwito wa mama ni upi? Ni ule mlio wa simu, haloo nani mwenzangu, kikohozi mbili na moja. Hiyo ndiyo sauti iliyomwambia kila siku kwamba mwenzake yupo. Halafu siku moja mwenzake haonekani. Nyumba imejaa watu, kelele, ndege anaogopa ananyamaza, wiki mbili hivi, watu wanaondoka, kimya kinarudi. Alfajiri, saa ambayo kasuku wote duniani wanaitana, anafungua mdomo.

Mimi nasema alikuwa anamwita. Siwezi kuingia kichwani mwa ndege nikaapa, haya ni maoni yangu niliyoyajenga juu ya hayo niliyoyaeleza, lakini ukiyaweka pamoja naona yanakwenda sehemu moja. Dada alisikia mama anaongea. Kilichokuwa sebuleni ni kiumbe wa pili ndani ya nyumba ileile aliyefiwa na mama yuleyule, na ambaye hakuna mtu aliyempa pole.

Na hii ndiyo sababu ile hoja ya rekoda siipendi. Rekoda haimtafuti mtu. Tunao mfano wa kasuku wa kijivu aitwaye Alex, ambaye mtafiti Irene Pepperberg alimnunua kwenye duka la wanyama Chicago mwaka 1977 na kufanya naye kazi miaka 30. Alex alijua majina ya vitu kama 50, rangi 7, maumbo 5, alihesabu mpaka 6, na akiulizwa vitu viwili vinatofautiana nini wakati havitofautiani alijibu hakuna. Ukisikia hivyo ndipo wale wa upande wa roho wanaruka: umeona, ndege wa kawaida hawezi, lazima kuna binadamu ndani. Hapana. Hapo tunamnyang'anya ndege akili yake. Tukiona ni mjinga tunamwita mashine, tukiona ana akili tunasema si yeye ni mtu, kwa hiyo yeye mwenyewe hatumpi nafasi kabisa. Narudi kwa hudihudi wa Sulaiman: alikuwa na habari, na alikuwa ndege.

Alex alifariki Septemba 2007, na maneno yake ya mwisho kwa Pepperberg yalikuwa ya kumwambia awe mwema, anampenda, watakutana kesho. Watu waliyachukua hayo wakasema alijua anakufa, aliaga, wengine wakasema atarudi. Ila Pepperberg mwenyewe alieleza kwamba ndiyo maneno waliyokuwa wanaagana kila jioni. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Ndege aliyeaga kila jioni miaka na miaka kwa maneno yaleyale, na jioni moja ikawa ya mwisho, kwani sisi tunaagana vipi?

Kuna hii nyingine inanikaa moyoni. Mwaka 1800 msafiri Mjerumani Alexander von Humboldt alipita mto Orinoco, kwenye sehemu inaitwa Maypures. Huko aliambiwa kuhusu kasuku mzee anayeongea lakini hakuna anayemwelewa, wenyeji wakasema ni kwa sababu anaongea lugha ya Waatures, kabila lililokuwa limeshatoweka. Fikiria. Lugha nzima imebaki kwenye mdomo wa ndege mmoja mzee. Na hakuna aliyesema Waatures wamezaliwa upya ndani yake, wenyeji walielewa vizuri tu kwamba huyu aliishi nao na wao hawapo tena. Kama kuna neno la kilichotokea pale ni kubaki, si kurudi. Na kama kasuku hufanya ninavyodhani, basi yule mzee alikuwa anaita kundi ambalo hakuna hata mmoja wa kumjibu nipo.

Nimesema mwanzo kwamba kuchanganya imani hizi kuna madhara, sasa nisimulie. Dada baada ya ile alfajiri alikwenda kwa mtu anayejiita mtaalamu wa mambo ya roho. Huyo mtu alichukua pesa, akamwambia roho ya mama haijatulia, akamwagiza tundu lifunikwe kitambaa cheusi usiku na mchana ili roho isitoke kabla hajaifanyia kazi, na asimsemeshe ndege kabisa. Dada alitii siku kumi na moja. Nilipokwenda nikafunua kile kitambaa, nilikuta manyoya ya kijivu yamejaa chini ya tundu kama mtu kapasua mto, na kifua cha ndege kimekuwa kipara, ngozi nyekundu yenye vidonda vidogo, ananyofoa manyoya yake mwenyewe moja moja. Kasuku wakiwa na msongo hufanya hivyo, daktari wa mifugo yeyote anayewajua atakwambia. Mama asingekubali ndege wake afanyiwe vile, na aliyekuwa anafanyiwa vile kwa jina la kumheshimu mama ni huyohuyo wa mama. Sikumlaumu dada. Nimemlaumu aliyempa maagizo.

Na nje ya nyumba moja madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu kadiri sifa za kasuku anayeongea kama mtu zinavyozidi ndivyo anavyotafutwa. Kasuku wa kijivu wanatoka misitu ya Afrika Magharibi na Kati, na tangu miaka ya 1970 zaidi ya milioni moja waliokamatwa porini wamesafirishwa nje kwa biashara. Ghana, utafiti uliotoka 2016 ulikadiria wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99 tangu 1992. Mwaka huohuo wa 2016, kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg, nchi zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Kila mmoja aliyenaswa alikuwa na jina lake kwenye kundi, na kundi liliendelea kumwita.

Tulitoa kile kitambaa siku ileile. Daktari alisema ndege apate mwanga, apate vitu vya kutafuna, na kubwa kuliko yote asemeshwe. Dada mwanzoni alikuwa anaogopa, akisikia mlio wa simu anatoka nje. Nikamwambia dada yangu, hebu jaribu kitu kimoja, akisema nani mwenzangu wewe mjibu, mwambie jina lako, usimjibu mama mjibu yeye. Akajaribu. Asubuhi moja simu ikaita, haloo, nani mwenzangu, na yeye akasogea karibu na tundu akasema ni mimi, niko hapa. Anasema ndege aliinamisha kichwa upande, akamwangalia kwa jicho moja muda mrefu, akasema, "Haya, nimekusikia." Alilia sana siku hiyo, ila alikuwa analia kwa msiba sasa, hofu ilikuwa imetoka.

Manyoya ya kifua yameanza kuota, yale madogo meupe ya mwanzo. Sauti ya mama bado ipo, alfajiri hasa, si kila siku. Wiki iliyopita dada kanipigia tena, safari hii kanisalimia vizuri kabla ya kuanza kunieleza. Alikuwa jikoni, akasikia mtu sebuleni anasema "subiri kidogo, nakuja", na ikamchukua muda kutambua hiyo sauti ni ya nani, kwa sababu hakuna mtu anayeijua sauti yake mwenyewe akiisikia kwa nje. Ilikuwa ya kwake.